Mfalme mwenye mamlaka yote na dikteta: tofauti yao hasa iko wapi?

#1 Mwalimu_wa_Uraia

Wakuu salaam.

Nafundisha Uraia kidato cha tatu na cha nne. Kwenye mada ya aina za serikali, ufalme una ukurasa wake na udikteta una wake. Mwanafunzi anakariri sifa za kila mmoja, mtihani anafaulu. Shida inaanza pale anapouliza Eswatini aiweke ukurasa upi. Mfalme wa pale anateua waziri mkuu, vyama haviruhusiwi kusimamisha wagombea, na hakuna mwenye uwezo wa kumwajibisha. Sasa huyo ni mfalme, au ni dikteta mwenye taji?

Msimamo wangu ni huu, na nipo tayari kupingwa: kinachowatenganisha ni siku ya msiba. Mfalme akifa, utaratibu wa kumpata anayefuata ulikuwepo hata kabla yeye hajazaliwa. Dikteta akifa, utaratibu unazikwa naye. Tazameni Guinea. Sékou Touré alifariki 26 Machi 1984, na tarehe 3 Aprili jeshi likachukua nchi. Lansana Conté aliyeichukua naye akafia madarakani 22 Desemba 2008, na kabla hajazikwa wanajeshi wengine wakatangaza kwamba nchi iko mikononi mwao. Nchi moja, misiba miwili, mwisho uleule.

Eswatini je? Sobhuza II alifariki Agosti 1982, mrithi akiwa mtoto wa miaka 14. Nchi ikashikwa na mama wa kifalme, ugomvi ukawepo, malkia mmoja akaondolewa akawekwa mwingine. Lakini 25 Aprili 1986 yule kijana alisimikwa akiwa na miaka 18. Hakuna meja aliyekwenda redioni.

Karibuni tujadili.

#2 Kaa_Chonjo

Siti ya mbele nimeshaikamata. Wajuzi waje.

#3 Shina_la_Mkwaju

Mwalimu, hoja yako inavuja.

Togo: Eyadéma alishika nchi 1967, akafa Februari 2005, na siku hiyohiyo jeshi likamtangaza mwanawe Faure. Kongo: Laurent Kabila aliuawa Januari 2001, mwanawe Joseph akaapishwa mwezi huohuo akiwa na miaka 29. Syria: Hafez al-Assad alikufa 10 Juni 2000, na siku ileile bunge likashusha umri wa kugombea urais kutoka miaka 40 hadi 34, kwa sababu Bashar alikuwa na 34. Korea Kaskazini ni babu, baba na mjukuu tangu 1948. Gabon, Omar Bongo alianza 1967, mwanawe Ali akapokea 2009 hadi alipopinduliwa 2022.

Hao wote ni marais wa jamhuri. Msiba ulitokea na anayefuata alijulikana. Kwa kipimo chako, Korea Kaskazini ni ufalme.

#4 Afande_Mstaafu

Shina, Gabon ni 30 Agosti 2023. Aliyempindua ni Brice Oligui Nguema, mkuu wa kikosi kilichokuwa kinamlinda yeye mwenyewe. Na saa ilikuwa ya ajabu: matokeo ya uchaguzi yametangazwa usiku, alfajiri wanajeshi wako kwenye televisheni.

Ila mifano yako naona inampa nguvu Mwalimu. Angalia Togo vizuri. Faure alipotangazwa na jeshi, Umoja wa Afrika na ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, walimbana mpaka akajiuzulu mwezi huohuo, Aprili ukafanyika uchaguzi, ndipo akarudi. Mwana wa rais hawezi kusimama hadharani akasema "nimerithi". Lazima atafute kura za kujifunika. Mwana wa mfalme anasema nimerithi, na watu wanapiga vigelegele. Kwa hiyo mimi sitazami nani anafuata. Natazama ni jibu gani analoweza kulitoa mbele za watu akiulizwa "nani kakuweka hapo?"

#5 Mwana_Manzini

Wadau, mimi ni Mtanzania, nipo Manzini huku Eswatini kwa kazi ya umeme wa majengo. Nimesoma nikaona niseme tunavyoishi.

Kwanza historia, maana watu wengi hudhani ufalme huu umekuwa hivi tangu enzi na enzi. Eswatini ilipata uhuru 1968 ikiwa na katiba, bunge na vyama. Uchaguzi wa 1972 chama cha upinzani, NNLC, kikapata viti vitatu. Vitatu tu. Serikali ikadai mmoja wa wabunge hao si raia, ikataka kumfukuza nchini. Kesi ikafika Mahakama ya Rufaa, mbunge akapewa haki yake. Tarehe 12 Aprili 1973 Sobhuza akaifuta katiba na kupiga marufuku vyama. Hayo mamlaka yote unayoyaona leo yana tarehe ya kuzaliwa, na hiyo tarehe inafanana sana na siku yoyote ambayo kanali wa nchi nyingine alikwenda redioni.

Katiba mpya ilikuja 2005. Mfalme anateua waziri mkuu, na kwenye Baraza la Seneti la watu 30 yeye anateua 20. Wagombea ubunge wanasimama mmoja mmoja kupitia maeneo yao, yanaitwa tinkhundla.

Pili, ardhi. Hapa ndipo penye siri. Sehemu kubwa ya ardhi ya vijijini iko kwa mfalme kwa niaba ya taifa, na inagawiwa na machifu wake. Ukitaka kiwanja unakwenda kwa chifu, unaomba, unajitambulisha, unatoa ng'ombe. Wanaita kukhonta. Karatasi ya umiliki huna. Sasa fikiria una mahindi yako pale, mji wako uko pale, makaburi ya wazazi wako yako pale, halafu chifu anasema kesho kuna shughuli ya mfalme, vijana waende wakapalilie shamba lake. Utakataa? Mwaka 2000 familia za Macetjeni na KaMkhweli ziliondolewa kwenye makazi yao kwa kukataa kuwa chini ya mwanamfalme Maguga, kaka yake mfalme.

Juni 2021 vijana walianza kupeleka maombi kwa wabunge wao, serikali ikapiga marufuku hayo maombi, moto ukawaka, intaneti ikazimwa. Tulikuwa tunapigiana simu za kawaida kuulizana barabara gani inapitika na duka gani halijaungua. Wabunge wawili waliounga mkono mabadiliko, Mabuza na Dube, walikamatwa, na 2024 wakahukumiwa miaka 25 na 18.

Lakini bibi mwenye nyumba ninayopanga, ukimtajia dikteta na mfalme kwenye sentensi moja anakuondolea chai. Wakati wa Incwala, ile sherehe ya mfalme ya kila mwaka, anakwenda mwenyewe, hakuna askari aliyemsukuma. Serikali anailaumu kutwa nzima, dawa hospitalini hakuna, barabara mbovu. Mfalme hamgusi. Sijaona dikteta anayepewa kinga ya namna hiyo na wale anaowatawala.

#6 Kaa_Chonjo

Mwana_Manzini, hiyo kukhonta ni ng'ombe mmoja? Na mgeni anaruhusiwa?

#7 Mwana_Manzini

Inategemea chifu. Mgeni wa nchi nyingine ni kazi ngumu, ndiyo maana mimi mpangaji.

#8 Binti_Ng'ambo

Mie natokea Unguja. Kila panapozungumzwa ufalme hutajwa Sultani wetu, mwengine amfanye Firauni, mwengine amfanye malaika. Naomba tuziangalie tarehe.

Tangu 1890 Zanzibar imo chini ya ulinzi wa Muingereza. Agosti 1896 Khalid bin Barghash aliingia kasri bila ya idhini yao, manowari zikapiga mizinga, haikutimia hata saa moja. Akawekwa Hamoud bin Mohammed. Kutoka hapo kila Sultani alikaa kwa ridhaa ya Muingereza, hata Seyyid Khalifa bin Harub aliyekaa karibu nusu karne, 1911 mpaka 1960. Huyo utamwita dikteta vipi na kuna mtu juu yake?

Uchaguzi wa Julai 1963 ASP ilipata kiasi cha asilimia 54 ya kura, ikaambulia viti 13 kati ya 31. Serikali ikaundwa na Mohamed Shamte. Tarehe 10 Disemba uhuru, Sultani Jamshid akiwa mfalme wa kikatiba. Tarehe 12 Januari 1964 Mapinduzi. Baada ya hapo Baraza la Mapinduzi likatawala kwa amri, katiba haikuja mpaka 1979, uchaguzi mpaka 1980.

Babu yangu alipewa eka tatu baada ya Mapinduzi, na hadi anaingia kaburini alikuwa akizishukuru, maana alizaliwa kwenye shamba la karafuu la mtu mwengine. Babu huyohuyo alikaa miaka na miaka hajaulizwa nani anamtaka amtawale. Yote mawili ni kweli na yote mawili yalimpata mtu mmoja. Kwa hivo ndugu wa Manzini kasema la maana zaidi kuliko wote hapa: muulize mtawala ardhi ni ya nani. Taji na bunduki mtayaona baadae.

#9 Kipanga_wa_Ilala

Binti, nikiona jina lako najua leo tunalala saa nane. Halafu Jamshid si alifia Uingereza?

#10 Binti_Ng'ambo

Lala wewe, sie tunaendelea. Jamshid alikaa Uingereza miaka mingi sana, Portsmouth. Mwaka 2020 akaruhusiwa kuhamia Oman, na huko ndiko alikofariki mwisho wa Disemba 2024.

#11 Mjukuu_wa_Mtemi

Nawasalimu wote. Mnazungumza kana kwamba mfalme ni mtu mmoja amekaa kitini peke yake. Kwetu Usukuma ntemi hakujipandisha. Walikuwepo banang'oma, wazee wa kiti, ndio waliomchagua kutoka kwenye ukoo. Na waliomweka waliweza kumwondoa. Mvua ikigoma, njaa ikiingia, ntemi alikuwa wa kwanza kutiliwa shaka. Alikuwa na miiko mingi kuliko mtu mwingine yeyote kijijini.

Dikteta nani anamwekea mwiko? Amin aliweza kuamka asubuhi akawafukuza Waasia kwa sababu aliota. Ntemi akisema ameota, wazee wanamuuliza ameota nini na wanakaa kikao.

Mimi naona hapo ndipo pa kuchimba: mfalme wa kweli amefungwa na mila asizozitunga yeye. Dikteta ndiye mila.

#12 Msomi_wa_Jioni

Mjukuu, nakuheshimu, lakini hao banang'oma mkoloni aliwafanya nini? Mwaka 1926 Gavana Cameron alileta Sheria ya Mamlaka za Wenyeji. Mtemi akawa na mshahara, mahakama, karani na kazi ya kukusanya kodi. Akawa anamwogopa nani? Bwana DC, basi. Wazee wa kiti wakabaki kunywa pombe ya kienyeji na kukumbuka zamani. Ule ufalme wenye breki ulishakufa kabla serikali ya uhuru haijafuta uchifu 1963. Kilichofutwa kilikuwa kitu kingine.

Na kuna kisa hakisimuliwi vya kutosha. Wachaga walimpata Mangi Mkuu mmoja, Thomas Marealle, akasimikwa 1952 kwa shangwe kubwa. Alipoanza kuonekana anataka kiti kiwe cha maisha, watu wakadai kura. Mwaka 1960 wakapiga, wakachagua kuwa na rais wa baraza anayechaguliwa, na Mangi Mkuu akaondoka. Kilimanjaro walimtoa mfalme kwa sanduku la kura kabla Tanganyika haijapata uhuru. Ni dikteta gani angekubali kuhesabiwa kura za namna hiyo?

#13 Afande_Mstaafu

Banda wa Malawi. Alijipa urais wa maisha 1971, akakubali kura ya maoni Juni 1993, akashindwa. Mwaka uliofuata akashindwa uchaguzi, akaondoka salama.

#14 Msomi_wa_Jioni

Baada ya wafadhili kufunga mifuko, Afande. Lakini sawa, lipo.

#15 Omuganda_wa_Masaka

Ssebo Mjukuu_wa_Mtemi amegusa kwetu. Niongeze ya Buganda, kwa Kiswahili changu cha sokoni mtanisamehe.

Kabaka, yaani mfalme wetu, anafuata ukoo wa mama yake. Maana yake hakuna ukoo mmoja unaoweza kusema kiti ni chetu milele. Kila ukoo una tumaini kwamba binti yake atamzaa Kabaka. Na mtoto wa kwanza wa kiume, Kiweewa, harithi kabisa. Kwa hiyo nchi nzima inabaki na sababu ya kukipenda kiti.

Mwaka 1953 Gavana Cohen alimfukuza Mutesa II kwenda Uingereza. Watu walilia kama msiba wa nyumbani, mpaka akarudishwa 1955. Akawa Rais wa Uganda 1963. Tarehe 24 Mei 1966 Obote akapeleka jeshi kasri la Mengo, likiongozwa na Amin. Kabaka akaponyoka, akafia London 1969. Katiba ya 1967 ikafuta falme zote. Jengo la Bulange, bunge letu la Buganda, likawa makao ya wizara ya ulinzi. Ndani ya Lubiri, kwenye ua uleule wa Kabaka, leo ukienda utaonyeshwa handaki la saruji walimofungiwa watu enzi za Amin, vyumba vidogo, giza, ukutani bado kuna maandishi ya mikono ya waliokuwemo. Mimi niliingia na mjomba wangu, hakusema neno mpaka tulipofika Masaka.

Falme zilirudi 1993 bila jeshi, bila polisi, bila kodi. Na watu bado wanakuja. Rais aliyezifuta hana hata siku moja ya kuimbiwa hivyo.

#16 Shina_la_Mkwaju

Omuganda, pole kwa hayo ya Lubiri. Lakini usiuruke ukurasa wa Kabaka Mwanga. Namugongo, 3 Juni 1886, vijana wa baraza lake mwenyewe walichomwa moto wakiwa hai. Koo hazikumzuia, Kiweewa hakumzuia. Mila zinamfunga mfalme mpaka siku anapoamua kuzikata.

#17 Omuganda_wa_Masaka

Na miaka miwili baadaye, 1888, Mwanga aliondolewa kitini. Waliomwondoa walikuwa ni hao hao vijana wa baraza, Wakristo na Waislamu wakishirikiana. Soma mpaka mwisho, ssebo.

#18 Mtoto_wa_Matrah

Assalamu alaykum. Nipo Muscat, wazee wangu walitoka Zanzibar. Nimefuatilia tangu mwanzo.

Nyinyi mnatafuta tofauti kati ya mfalme na dikteta. Mimi nawapa kiti kimoja, baba na mwana. Said bin Taimur alitawala Oman mpaka 1970. Wazee wa hapa wanasimulia: usiku ulipoingia mzinga unapigwa, milango ya mji wa Muscat inafungwa. Ukitembea baada ya hapo lazima ushike taa ya mkononi, na tochi haikubaliki, iwe taa yenye moto, mlinzi akuone uso. Nchi nzima ina shule tatu. Kwenda kusoma nje ni kwa ruhusa yake.

Julai 1970 akaingia mwanawe Qaboos. Akawaita Waomani waliokuwa nje warudi, wakiwemo wetu wa Zanzibar, waliokuwa na elimu, wakawa walimu, madaktari, wahandisi. Ndiyo maana mpaka leo ukienda baadhi ya mitaa na maofisi hapa utasikia Kiswahili. Mama yangu alifika na sanduku moja akapewa kazi ya kufundisha.

Mamlaka ya Qaboos yalikuwa madogo kuliko ya baba yake? Hapana. Alikuwa sultani, waziri mkuu, waziri wa ulinzi, wa fedha na wa mambo ya nje, yeye mmoja. Alipofariki 10 Januari 2020 hakuwa na mtoto. Sheria ya 1996 ilisema familia ikae ndani ya siku tatu ichague, ikishindwa ifunguliwe barua aliyoiacha. Familia haikusubiri siku tatu, ikasema ifunguliwe barua. Ndani mlikuwa na jina la Haitham. Siku ya pili tu kaapishwa. Katika hili namuunga mkono Mwalimu: tulilala bila hofu.

#19 Shina_la_Mkwaju

Mtoto_wa_Matrah, umeandika vizuri, ila umepita haraka kwenye neno "akaingia". Qaboos alimpindua baba yake, 23 Julai 1970, Waingereza wakiwa nyuma yake. Risasi zilipigwa ndani ya kasri la Salalah na mzee akajeruhiwa, akapakiwa ndege, akafia London. Ule ulikuwa mrithi halali aliyetumia njia ya kanali. Sasa Mwalimu, hapo ni ufalme au udikteta?

#20 Mtoto_wa_Matrah

Sikuificha. Kwetu hakuna asiyejua. Lakini kanali akipindua anaanza kutafuta maadui wapya. Qaboos aliingia kwenye nyumba ileile na watu wakampokea kwa kuwa ni mwana wa nyumba.

#21 Baharia_wa_Mombasa

Ndugu zangu, nimefanya kazi bandari za Ghuba, hili la familia nalijua kidogo. Kule mfalme ni familia nzima. Ulinzi yuko ndugu, mambo ya ndani yuko mwingine, majimbo yana mabinamu. Saudia, mwaka 1964, familia na masheikh walimwondoa Mfalme Saud wakamweka ndugu yake Faisal. Kuwait, Januari 2006, Amiri mpya Saad alikuwa mgonjwa hawezi hata kuapa. Bunge likapiga kura, akaondolewa, nchi ikaendelea siku hiyohiyo.

Angalia wafalme walioanguka: Farouk wa Misri 1952, Faisal wa Pili wa Iraq 1958, Idris wa Libya 1969. Wote jeshi lilikuwa la maafisa wa nje ya familia. Hivyo mimi swali langu ni moja tu: mkuu wa majeshi ni shemeji yako au si shemeji yako?

#22 Kipanga_wa_Ilala

Baharia, kwa hiyo Mwalimu akaandike kwenye ubao "angalia shemeji". Wanafunzi watapata A zote.

#23 Ndugu_wa_Kamalondo

Jambo kwenu, niko Lubumbashi. Tunasoma mambo ya wafalme, lakini sisi tulipata mutu mmoja mwenye alitaka kuwa yote mbili.

Mobutu alikamata nchi 1965 kwa jeshi. Habari za televisheni jioni zilianza na sura yake ikishuka kutoka mawinguni. Kofia ya chui, fimbo mkononi, vitu vya machifu. Kila mutu akizaliwa alikuwa tayari mwanachama wa MPR, chama chake. Baba yangu alikuwa karani. Tai ilikatazwa, ilibidi kushona abacost, ile koti ya kola fupi, na mshahara haukutosha kitambaa. Alivaa moja hiyohiyo mpaka viwiko vikatoka.

Mimi nafikiri dikteta anaiba nguo za mfalme kwa sababu yake haina joto. Ukiona rais anaanza kujiita baba wa taifa, mwenye kuongoza, chui, ujue anatafuta kitu ambacho bunduki haikumupa.

#24 Afande_Mstaafu

Na Bokassa wa Jamhuri ya Afrika ya Kati alimaliza kabisa. Alipindua mkesha wa mwaka mpya 1966, na 4 Desemba 1977 akajivisha taji la kaizari, kiti cha enzi chenye umbo la tai, farasi, magari, Ufaransa ikisaidia gharama. Septemba 1979 Ufaransa ileile ikashusha askari Bangui yeye akiwa Libya, ufalme ukafutwa usiku mmoja. Taji alikuwa nalo, utaratibu wote wa kurithi kaandika. Haukumsaidia hata miaka miwili. Hapo hoja ya Ndugu_wa_Kamalondo inasimama: joto halinunuliwi.

#25 Mborana_Moyale

Salamu kutoka mpakani. Nashangaa tumefika hapa Ethiopia haijaguswa, na ndiko tunakoona kwa macho.

Haile Selassie alivikwa taji Novemba 1930. Katiba ya 1931 aliitoa yeye mwenyewe kama zawadi. Kabla yake kiti hakikuwa cha mtoto wa kwanza wala wa nani. Mwenye nasaba na jeshi alikipigania. Tewodros II alianza kama mtu wa porini na wafuasi wenye silaha, 1855 akawa kaizari. Msiniambie mfalme haanzi na bunduki. Wote wameanza nayo, tofauti ni babu wa nani aliishika.

Tarehe 12 Septemba 1974 Derg, kamati ya wanajeshi, walimtoa kasri, wakampakia kwenye Volkswagen ndogo. Mwaka uliofuata akafa mikononi mwao. Mifupa yake ikaja kupatikana 1992 chini ya sakafu ya jengo la ikulu. Baada yake Mengistu, na Ugaidi Mwekundu wa 1977 na 1978. Huku kwetu wazee wanakumbuka waliovuka kwa miguu.

Sasa sikilizeni wanavyosema waliovuka. Njaa ya Wollo ya 1973 kaizari aliifunika. Njaa ya 1984 Mengistu naye aliifunika, akisherehekea miaka kumi ya mapinduzi. Mtu aliyepoteza ng'ombe wote hakuona tofauti ya taji na kofia ya kijeshi. Aliona tofauti moja: wa kwanza kodi ilichukuliwa na bwana mwenye ardhi anayemjua kwa jina. Wa pili alikuja karani wa kebele, ile serikali ya mtaa, mwenye orodha, na kijana wa nyumba akachukuliwa jeshini.

#26 Mwalimu_wa_Uraia

Shukrani kwa wote. Nimenukuu mengi.

Bado nasimama kwenye msiba, lakini nimeongeza swali la Afande kuhusu jibu la "nani kakuweka hapo". Kijana wa Oman alijibu hata baada ya kumpindua baba yake. Bokassa hakuweza, na taji lipo kichwani. Hoja ya ardhi ya Binti_Ng'ambo na ya Mwana_Manzini nitaipeleka darasani kama ilivyo, ingawa nadhani inaeleza ukali wa utawala zaidi kuliko aina yake.

Swali: inawezekana nchi moja ikawa na vyote viwili kwa wakati mmoja? Mfalme yupo na dikteta yupo?

#27 Msomi_wa_Jioni

Lesotho 1970. Waziri Mkuu Leabua Jonathan alishindwa uchaguzi, akasimamisha katiba, akamweka Mfalme Moshoeshoe II kizuizini kisha akampeleka uhamishoni. Mfalme alikuwa mhanga wa udikteta ndani ya ufalme wake.

#28 Baharia_wa_Mombasa

Italia pia. Mfalme Vittorio Emanuele wa Tatu alimpa Mussolini uwaziri mkuu 1922, akakaa naye zaidi ya miaka 20. Tarehe 25 Julai 1943 akamwita kasri, akamwambia kazi imekwisha, na nje askari wakamsubiri wakamkamata. Ujerumani hapakuwa na mtu mwenye kiti cha kumwambia Hitler maneno hayo.

#29 Binti_Ng'ambo

Lakini ni mfalme huyohuyo alonyamaza miaka 20, Baharia. Na Waitaliano hawakusahau: kura ya 2 Juni 1946 wakaufuta ufalme wenyewe.

#30 Kaa_Chonjo

Mwana_Manzini bado upo? Huko kura kama hiyo ya Italia huwa inatajwa?

#31 Mwana_Manzini

Nipo. Wengi wanaodai mabadiliko wanataka vyama viruhusiwe na waziri mkuu achaguliwe na wananchi, kiti cha mfalme kibaki cha heshima tu kama cha Lesotho. Wapo wanaotaka jamhuri kabisa, hasa vijana wa mjini. Januari 2023 wakili Thulani Maseko, aliyekuwa anaunganisha makundi hayo yakae meza moja, alipigwa risasi nyumbani kwake. Tangu hapo hata hao wa msimamo wa kati wamegawanyika. Wenye swali kuhusu tinkhundla waniandikie hapahapa, usiku nitajibu nikitoka saiti.